Sukuma Nini? Bi Kazija katika Nchi ya Sawasawa

Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye chungu jikoni akakiepue kwanza, maana mambo haya nikiyaanza siyakatizi.

Alikuwako Bi Kazija, mjane wa Shaame mpiga klarineti. Shaame alipofariki alimwachia mkewe kitanda kinacholia, paka asiyependa watu, na klarineti nyeusi ya mpingo. Kitanda kikavunjika, paka akahama, klarineti ikabaki. Ilibaki na alama ya meno ya Shaame pale kwenye kipande cha mdomoni, vijishimo viwili vidogo, na Bi Kazija akiipiga, meno yake yalikaa humo humo. Basi msiniulize alikuwa akiipenda kiasi gani.

Shule alisoma mpaka darasa la nne, akatoka mwalimu alipochoka naye. Lakini klarineti alizijua. Bendi zote za harusi zilimletea zao zikiugua, naye aliuliza swali moja tu, lile alilorithi kwa Shaame: "Zimekosea sauti zote, au moja?" Zikiwa zote, ugonjwa uko kwenye urefu, na dawa yake ni shingo, kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo. Ukiivuta nje kidogo, sauti zote zinashuka. Ukiisukuma ndani, zinapanda. Ikiwa imekosea moja, chungulia tundu lake, utakuta taka. Ndiyo elimu yote hiyo, mengine ni mbwembwe.

Siku moja akapata barua kutoka nchi ya Sawasawa. "Bi Kazija, klarineti yetu ni nzima kabisa. Njoo haraka. Mimi, mpigaji." Akaisoma mara tatu. Mwenye klarineti nzima anamwitia nini fundi? Akaifunga ya Shaame ndani ya kanga, akachomeka sindano yake ya kazi kwenye upindo wa mtandio, akaenda. Njia ilikuwaje sikuambiwa, mimi najua alivyofika.

Alifika Jumanne. Mlangoni mwa nchi alikaa Mkaguzi wa Masikio, Bwana Mngwali, mtu mnene aliyejaza pamba masikio yote mawili.

"Sawa?" akauliza Mkaguzi.

"Bado, mwanangu, ndiyo kwanza nafika."

Mkaguzi akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Neno hilo hapa halisemwi! Ukisema hivyo maana yake liko jambo halijawa, na hapa mambo yote yameshakuwa. Mtu akiulizwa 'Sawa?' anajibu 'Sawa.' Sawa?"

"Sawa."

"Jina?"

"Kazija."

"Kazi ipi?"

"Kazija!"

"Kazi Ijayo," akaandika Mkaguzi kwa mwandiko mzuri. "Umebeba nini?"

"Klarineti."

"Ina matundu mangapi?"

"Unauliza ya klarineti au yangu?"

Mkaguzi akaandika: "Yote."

Kisha akatoa filimbi ya bati, akaeleza kwamba filimbi hiyo imelinganishwa na Klarineti Kuu, ambayo ndiyo sauti ya nchi. Kila chenye sauti humo ndani lazima kiwe sawa nayo. Bi Kazija akapiga sauti moja, Mkaguzi akapuliza filimbi yake, na sauti zile mbili zikagombana kama wake wenza waliopewa jiko moja.

"Yako imepanda," akasema Mkaguzi.

"Au yako imeshuka, baba."

"Yangu ya Serikali."

Mkaguzi akamsomea sheria, ilikuwa ya maneno mawili tu: *Kilichopanda kikatwe.* Akamfungulia kasha. Mlikuwa na zumari fupi kama vidole, filimbi za ukubwa wa kunde, na kitu kimoja ambacho zamani kilikuwa tarumbeta.

"Hii," akasema Mkaguzi, akiinua kipande cha zumari, "tulipoikata ikapanda. Tukaikata tena, ikapanda zaidi. Kaidi hii! Tukakata, tukakata, mpaka ikanyamaza. Sasa iko sawa."

"Mwanangu, ukiifupisha lazima ipande! Kirefu ndicho kinachoshuka."

"Bibi, mgomba ukipanda juu sana unafanyaje? Unaukata. Umeshasikia mgomba uliokatwa ukarefuka?"

Bi Kazija akafikiri juu ya mgomba. Akaona kuna kosa mahali, lakini kila alipolishika liliteleza.

"Ijumaa utaileta Ukutani," akamaliza Mkaguzi, "ikatwe mbele ya watu. Ila ukiwa umeshaifanya iwe sawa na Klarineti Kuu, tutaipiga muhuri na utakwenda nayo." Msumeno ulikuwa umetundikwa nyuma yake. Ulikuwa msafi, umepakwa mafuta.

Siku tatu. Bi Kazija akaibana klarineti kifuani, akaingia mjini.

Mji ulikuwa mzuri, ila hamna aliyemsikia mwenzake. Wote walikuwa na pamba. Aliomba chumvi dukani, akaletewa chupi. "Sawa?" akauliza mwenye duka. "Sawa," akajibu Bi Kazija, "nitaitia kwenye mchuzi." Milango iliyolia juu ilikuwa imeng'olewa. Majogoo walifungwa vitambaa shingoni ili wawike chini, wakawa wanawika kama watu wanaosukutua. Akina mama waliimba kwa sauti za wanaume, na wanaume waliimba chini zaidi, hata mtu hajui kama ni wimbo au tumbo.

Nyumba ya mpigaji aliitambua kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na mtu asiye na pamba. Alikuwa mwembamba, taya limevimba upande mmoja.

"Mimi ndiye Kombo," akasema kwa kunong'ona. "Karatasini naitwa Sawa. Jina la Kombo limepigwa marufuku, kwa kuwa kombo ni kilichopinda."

"Na hilo taya?"

"Ninaing'ata, Bi Kazija. Klarineti Kuu imelala chini, nami naing'ata ili ipande kidogo. Mwaka wa kumi na nne huu. Meno manne yameshakwenda."

"Sasa kwa nini uliandika ni nzima?"

"Barua zinasomwa."

Kombo akamweleza yote. Zamani fundi aliyeitengeneza Klarineti Kuu aliacha karatasi yenye mstari mmoja: *Ikishuka, sukuma. Ikipanda, vuta.* Fundi akafa. Klarineti ikashuka. Wakuu wakaisoma karatasi, wakaiheshimu sana, wakaanza kusukuma.

"Wakasukuma nini?" akauliza Bi Kazija.

Kombo akamtazama kama aliyesikia matusi matamu. "Watu," akasema. "Kuna Idara ya Kusukuma. Kila Ijumaa wananchi wanapangwa mbele ya Ukuta, klarineti inapigwa, inasikika imeshuka, wanasukumwa. Isipopanda, wanasukumwa tena. Haijapanda hata siku moja. Anayesema imeshuka hupimwa, huonekana ana sikio lililopinda, hutiwa pamba."

"Na wewe? Hujaichungulia ndani?"

"Sheria. Mpigaji apige, asichungulie. Asiyepiga asiguse."

Jumatano Bi Kazija akafanya jambo ambalo mimi nisingemlaumu. Alikaa uani kwa Kombo, akaivuta shingo ya klarineti ya Shaame nje kidogo, ili sauti zake zishuke ziwe sawa na za nchi. Si uongo mkubwa huo. Ikipata muhuri, ataisukuma shingo akishafika kwake. Ndani ya nyumba Kombo alikuwa akifanya mazoezi na Klarineti Kuu, askari wakiilinda, naye nje akalinganisha.

Sauti ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu ikakataa. Akaivuta zaidi, ya tatu ikakubali, ya kwanza ikakataa. Akasukuma kidogo, zikakataa zote. Akaipasha moto kwa pumzi, maana klarineti baridi hushuka. Zikapanda zote, kwa hasira. Akabadilisha ulimi wa mwanzi, akatoa ule mpya mgumu, akatia wa zamani uliolegea. Akalegeza mdomo. Akakaza mdomo. Adhuhuri ilipofika hakuwa akijua tena kipi kiko juu na kipi kiko chini, wala kama ile sauti aliyoizoea miaka arubaini ilikuwa ya kweli au ni mazoea tu. Alipita jirani, akauliza, "Sawa?" na Bi Kazija akajiona anajibu, "Sawa," akaogopa.

"Labda ni mimi," akamwambia Kombo. "Watu wote hawa, na wana ofisi. Labda sikio langu ndilo lililopinda, na Shaame lake lilipinda vile vile, tukaoana kwa ajili hiyo."

"Nikuletee pamba?" akauliza Kombo kwa huzuni.

Pamba ikaletwa. Bi Kazija akaishika mkononi, nyeupe, laini. Akaikaribisha sikioni. Halafu akaishusha.

"Ngoja. Sauti zimekosea zote, au moja?"

"Zote," akasema Kombo.

"Na mojawapo zaidi?"

Kombo akafikiri. "Ya tatu. Na ya tano. Hizo zimezama kisimani."

Bi Kazija akacheka peke yake, kicheko kibaya cha bibi aliyepata peremende mfukoni. Kama kosa lingekuwa la sikio lake, sikio lingekosea zote sawasawa. Sikio halichagui tundu. Kumbe Klarineti Kuu ilikuwa na magonjwa mawili, moja la shingo, la pili la matundu. Na ndiyo sababu klarineti yake haikukubali kulingana nayo kwa kuvuta peke yake. Njia ya mkato ilikuwa imefungwa. Ikiwa hataki ya Shaame ikatwe, ni lazima hiyo nyingine ipone.

Alhamisi akaenda Barazani kusema. Waziri wa Kusukuma, Bwana Feruzi, alikuwa mrefu, mpole, ana fimbo nyembamba ya cheo. Baraza lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulitaka watu wasukumwe kwa mabega, upande wa pili kwa migongo. Walikuwa wamebishana miaka tisa, na kwa kuwa wote walikuwa na pamba, kila upande uliamini umeshashinda.

"Waheshimiwa," akapaza sauti Bi Kazija, "karatasi imesema sukuma. Sukuma nini?"

Mmoja akatoa pamba ili asikie vizuri, akairudisha haraka.

"Bibi," akasema Waziri kwa upole, "swali la 'nini' halimo kwenye karatasi."

"Ndiyo maana nauliza. Kinachosukumwa si mtu. Ni shingo!"

Waziri akatoa macho. Pande zote mbili zikasimama. "Shingo!" wakapokezana. "Si mabega! Si migongo! Shingo!" Wakapiga makofi, mahasimu wa miaka tisa wakakumbatiana. Na kabla Bi Kazija hajafunga mdomo, azimio likaandikwa: kuanzia kesho wananchi wasukumwe kwa shingo.

"Sikusema hivyo! Shingo ya klarineti!"

"Sawa?" akauliza Waziri, akitabasamu.

Akatoka Barazani amejishika kichwa. Alikuwa amekuja kutibu, sasa ameongeza ugonjwa. Njiani aliwaona askari wa Idara wakijaribu shingo za wenzao, na watu waliompita walimshukuru, hawajui kwa nini.

"Mdomo wangu si wa kutumika hapa," akamwambia Kombo jioni. "Nimebakiwa na mikono. Niambie, mwenye chombo kitakachokatwa, sheria inampa nini?"

"Haimpi kitu. Anaomba radhi tu. Anaishika Klarineti Kuu kwa mikono miwili, anainama, anaiomba msamaha."

"Anaishika?"

"Anaishika."

"Kwa muda gani?"

Kombo akazipitia sheria kwa vidole. "Haikuandikwa," akasema.

Ijumaa watu walipangwa Ukutani, uso kwa uso na askari, kila mmoja amenyanyua kidevu ili shingo ishikike vizuri. Mezani uliwekwa msumeno, na klarineti ya Shaame pembeni yake. Mkaguzi Mngwali akaisoma hukumu ya Kazi Ijayo. Kombo akaishusha Klarineti Kuu kutoka kwenye mto wa hariri, akampa Bi Kazija mikononi.

Ndipo Bi Kazija alipouona ugonjwa. Kati ya shingo na mwili ilikuwa imevishwa pete pana ya dhahabu iliyochorwa neno SAWA. Pete ile ndiyo iliyoitenga shingo na mwili, ikairefusha klarineti, ikazishusha sauti zote. Na juu ya mwili, kila Mkuu aliyepita alikuwa amegonga muhuri wake wa lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, kuthibitisha kwamba klarineti ni nzima. Lakiri ilikuwa imechuruzika ndani ya tundu la tatu na la tano, ikagandia humo, muhuri juu ya muhuri. Wakuu kumi na mmoja walikuwa wamethibitisha uzima wake mpaka wakaikaba.

Bi Kazija akawapa watu mgongo, akajifunika kanga kichwani kama mwenye majonzi, akainama. Sindano ikatoka upindoni.

"Ewe Klarineti Kuu," akaanza kwa kilio, "naomba radhi." *Kwaru, kwaru.* "Naomba radhi kwa yangu kupanda. Naomba radhi kwa marehemu mume wangu, aliyekuwa akikoroma juu kuliko wewe." *Kwaru.* "Naomba radhi kwa jirani yangu Bi Mize, nilimwambia biriani lake zuri." *Kwaru, kwaru.* "Nilikula mikate ya mofa ya msiba kabla maiti hajatoka."

"Anaomba vizuri," Waziri akamwambia Mkaguzi.

"Anaoga vizuri?" akauliza Mkaguzi, pamba masikioni.

Lakiri ilianguka vipande vipande ndani ya kanga. Akaomba radhi kwa mambo ya ujanani ambayo hapa sitayataja, maana wengine wenu ni wakwe zangu. Tundu la tatu likafunguka. La tano likakaza. Akaungama mpaka akaishiwa, akaanza kuungama ya majirani. Nalo likafunguka. Mwisho akaizungusha shingo, akaichomoa, akaitoa pete, akairudisha shingo akaisukuma. Ikaingia yote, ikakaa, kama mtu aliyesimama miaka thelathini akapewa kiti.

Pete aliificha wapi? Waziri alikuwa amesogea amsikilize, fimbo yake imemkaribia. Bi Kazija akaivisha kwenye ncha ya fimbo. Waziri akaiona dhahabu, akadhani ni zawadi, akaiinua juu zaidi.

"Piga," akamwambia Kombo. "Na usiing'ate."

Kombo akaiweka mdomoni kwa taya lake bovu, akapuliza taratibu.

Sauti ikatoka nyeupe. Ikaufikia Ukuta, ikarudi. Mama mmoja akajikuta pamba imemwangukia begani. Jogoo mmoja akakirarua kitambaa chake, akawika alivyoumbwa. Bi Kazija akajua hapo hapo kwamba sikio lake, na la Shaame, halikuwa limepinda, na machozi yakamtoka kweli, hayo hayakuwa ya kuomba radhi.

Mkaguzi akatoa filimbi yake ya bati, akalinganisha. Filimbi ikasikika imeshuka. Akaitazama kwa chuki, kama mtumishi aliyeiba. Akaichukua klarineti ya Shaame mezani, akampa Bi Kazija aipige pamoja na Klarineti Kuu. Zikaingiana, hata hujui ipi inaishia wapi.

"Hii iko sawa," akasema Mkaguzi polepole. Sheria ni sheria. Msumeno ukaondolewa mezani.

Lakini Waziri alikuwa ameduwaa. "Imepanda," akasema. "Klarineti Kuu imepanda." Akakunjua karatasi ya fundi, akasoma kwa sauti: "*Ikipanda, vuta.*" Akainua fimbo yenye pete. "Vuta!"

Askari wakatazamana. Hawajawahi. Kisha kila mmoja akamshika mkono aliyekuwa mbele yake, akamvuta. Na watu wale waliokuwa wakisukumwa Ukutani kila Ijumaa, kwa mara ya kwanza wakavutwa kutoka Ukutani. Wakaja mbio, wakajikwaa, wakawaangukia askari, wakalaliana kama magunia, na mtu mmoja chini kabisa akaanza kucheka, kicheko kikapanda mpaka juu. Alasiri ile ile ubao wa Idara ya Kusukuma ukapakwa rangi, ukaandikwa Idara ya Kuvuta. Wafanyakazi ni wale wale.

Kombo alimsindikiza Bi Kazija kidogo. "Wataiharibu tena?" akauliza.

Bi Kazija akageuka. Kwenye jukwaa Waziri alikuwa anayeyusha lakiri kwenye mshumaa, ili athibitishe kwamba klarineti imepona. Bi Kazija akaichomoa sindano upindoni, akamwekea Kombo kiganjani.

"Chungulia," akamwambia. "Hata ikikatazwa."

Mlangoni Mkaguzi Mngwali alimpokea kwa heshima. Alitoa pamba sikio moja, lile jingine aliliacha kwa usalama. "Bibi Kazi Ijayo, chombo chako ni cha kwanza kutoka humu kikiwa kizima. Hakitoki hivi hivi." Akaishika klarineti, akadondosha lakiri ya moto, akagonga muhuri: IMEKAGULIWA, NI SAWA. Akafanya haraka, kwa furaha, na Bi Kazija alikuwa amechoka, anawaza kwake.

Alipofika nyumbani, Bi Mize jirani alikuwa amekaa barazani akimsubiri na maswali yake. Bi Kazija akavua viatu. Akakaa, akaifungua kanga, akaweka meno yake kwenye vijishimo vya Shaame, akapiga. Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili ikalia vizuri. Ya tatu ikazama.

Akaigeuza, akaitazama. Ndani ya tundu la tatu, tone moja jekundu limeganda.

"Sawa?" akauliza Bi Mize.

Bi Kazija akapapasa upindo wa mtandio, akakumbuka sindano alimwachia nani.

"Bado," akasema. "Niazime sindano."